Nishani za Mansel Upande wa Kushoto

Mtu akivaa nishani alizozipata mwenyewe, huzibana upande wa kushoto wa kifua. Akivaa za marehemu wake, awe baba, kaka au mume, huzibana kulia. Katika mji mdogo wa bandari wa Pembroke Dock hakuna aliyefundishwa jambo hilo darasani, na hakuna asiyelijua. Ndiyo maana Enid Scourfield, kila Jumapili ya kumbukumbu ya waliokufa vitani, mwezi wa Novemba, alipomwona shemeji yake Idwal akipita na nishani tatu upande wa kushoto wa koti, alijisikia kama mtu aliyeiona nguo yake imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Nishani zilikuwa za Mansel, mume wake. Mansel alikuwa mtu wa redio kwenye zile ndege kubwa zenye tumbo la mashua, zilizokuwa zikiruka kutoka majini mbele ya mji kwenda kusaka nyambizi za Wajerumani. Mwaka wa arobaini na tatu ndege yake iliondoka alfajiri kwenda doria upande wa Ghuba ya Biscay, na haikurudi. Yeye na Enid walikuwa wameoana miezi michache tu kabla ya hapo, ndoa ya haraka haraka kama nyingi za wakati ule, na Mansel hakuwahi kubadili karatasi zake za jeshi. Jina la mrithi lililokuwamo lilikuwa la mama yake. Kwa hiyo vita vilipokwisha, kijisanduku cha kadibodi kilifika kwa posta nyumbani kwa mama mkwe. Ndani mlikuwa na nyota mbili za shaba na kisahani kimoja cha rangi ya fedha. Hakikuwamo chochote chenye jina la Mansel, kwa kuwa serikali haikuchonga majina kwenye nishani za vita vile. Watu walikuwa wengi mno.

Enid alikuwa na binti yake mdogo wa kumlea, Glenys, aliyezaliwa baada ya baba yake kupotea. Hakutaka kugombea vipande vya chuma na mama aliyempoteza mwana. Alisema moyoni kwamba siku moja zitamfikia. Mama mkwe alipofariki, Idwal, mdogo wake Mansel, akazichukua pamoja na saa ya ukutani.

Mwanzoni alizivaa kulia. Hilo lazima lisemwe. Kisha mwaka mmoja zilionekana zimesogea karibu na tai, Enid akadhani koti limepinda. Mwaka uliofuata zilikuwa kushoto, na huko zikakaa.

Hakumsema. Idwal hakuwa mtu mbaya. Bomba la jikoni kwa Enid likipasuka, yeye ndiye aliyekuja na spana. Ndiye aliyemfundisha Glenys kuendesha baiskeli. Wakati wa vita madaktari wa jeshi walimkataa kwa sababu ya sikio lake la kulia, akabaki gatini akikwangua matumbo ya ndege na kuosha ndani yake zilipovutwa nchi kavu, huku wanawake wakimwuliza mitaani kama mama yake anajua kuwa bado yuko nyumbani. Mtu aliyepita hapo, Enid aliona, anaweza kuachiwa kidogo. Na hicho kidogo kikaenda kikikua mwaka hata mwaka.

Kilichomtoa kwenye kimya chake kilikuwa neno la Glenys. Mwezi wa Agosti Glenys na mumewe walikuja kutoka Bristol, Idwal akawapeleka kwenye klabu ya wastaafu wa vita kunywa bia. Glenys alirudi amechangamka, akaegemea mlango wa jikoni.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia kuwa baba mdogo alikuwa ndege moja na baba?"

Enid alikuwa anaosha sahani. Aliendelea kuiosha, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Meza nzima ilikuwa inamsikiliza. Jinsi walivyoizamisha ile nyambizi."

"Baba yako mdogo hajawahi kupanda ndege. Hata ya kwenda likizo Uhispania. Anaiogopa."

Glenys alicheka. "Sasa kama hakuwamo, mbona nishani anavaa kushoto?"

Jibu lingeanzia mbali, na Glenys alikuwa tayari amegeuka kumwita mumewe. Usiku ule Enid aliwaza kwamba mtu akifa anabakiwa na mahali pachache pa kukaa, na kwa Mansel palikuwa pamebaki pawili: kichwani mwake yeye na kichwani mwa binti ambaye hakumwona. Na sasa kwa binti alikuwa ameketi Idwal.

Aliamua kwamba Novemba hiyo nishani zitavaliwa kulia, au zitakuwa mikononi mwake.

Alianzia klabuni. Katibu wa klabu, Trefor Gwyther, alikuwa amehamia kutoka Swansea baada ya vita. Waliozijua habari za Idwal kabla yake walikuwa ama wamekufa ama wameamua kunyamaza. Trefor alimkaribisha vizuri, akamfutia kiti.

"Bi Enid, upande wa kulia, upande wa kushoto, hapa tuna mzee anayevaa nishani ya maonyesho ya kuku," alisema. "Mimi nikianza kupekua vifua vya watu, Jumapili nitaandamana peke yangu na bendera."

"Sikuulizi habari za kuku. Nakwambia hizo ni za mume wangu."

"Hazina jina."

"Najua hazina jina. Ndiyo maana nimekuja na mdomo."

"Wewe unaniambia hivi, yeye ananiambia vile. Na yeye ndiye anayezo."

"Muulize basi alikuwa kikosi gani."

"Anakijua. Bi Enid, yule bwana anaijua ndege ile kuliko rubani wake. Anajua jiko la kukaangia nyama lilikuwa wapi. Anajua kikapu cha njiwa wa kupeleka ujumbe kilining'inizwa wapi. Nani anaweza kutunga njiwa?"

"Hajatunga. Alikuwa anafagia mavi yao."

Trefor akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za ugonjwa wa kike, akamwuliza kama angependa chai. Enid akaenda zake.

Akajaribu kwa wifi yake. Verona, dada yao akina Mansel, hakuolewa, alikaa na Idwal akimtunzia nyumba. Enid alimkuta anachoma vikeki vya zabibu kavu juu ya bamba la chuma.

"Mwache, wifi," Verona alisema, akigeuza vikeki kwa kidole bila kuogopa moto. "Ana nini kingine?"

"Ana ulimi."

"Huo kweli anao." Verona alicheka, kisha akaacha. "Watu wanampenda akiwa nazo. Akirudi Jumapili hiyo anaimba hadi jikoni. Unataka nimnyang'anye?"

"Nataka azihamishe tu. Toka hapa hadi hapa." Enid alijionyesha kwenye sweta lake. "Ni kiganja kimoja."

"Na watu watakaouliza kwa nini kazihamisha?"

"Awaambie ukweli."

"Ukweli gani tena baada ya miaka yote hii? Hakuna anayemkumbuka Mansel, wifi. Sikwambii kwa ubaya."

"Ndicho ninacholalamikia."

Verona alimfungia vikeki kwenye karatasi. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda msimu ule wote wa kupukutika majani: kila alipokwenda na shauri lake alirudi na kitu cha kula.

Jumamosi, siku moja kabla ya kumbukumbu, alimwendea Idwal mwenyewe. Alikuwa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, ametandaza gazeti mezani, anazisugua nishani kwa kitambaa. Enid hakuwa amezikaribia hivyo tangu mama mkwe alipokuwa hai. Pembe za zile nyota zilikuwa zimelainika kwa kusuguliwa.

"Karibu shemeji. Chai?"

"Sikuja kunywa chai."

"Hilo jipya."

"Glenys anakuja kesho. Nataka zivaliwe kulia, au unipe mimi."

Idwal aliendelea kusugua. "Kulia, kushoto. Kifua ni kimoja."

"Kama ni kimoja, basi hutaumia kuzihamisha."

"Trefor ameniambia ulikwenda kunishtaki."

"Na alinikaribisha chai, kama wewe. Nimekaribishwa chai ya kutosha, Idwal. Mtoto wa Mansel ananiambia uliizamisha nyambizi."

Aliweka kitambaa chini. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono mikubwa, na kwa muda ile mikono haikujua pa kwenda.

"Hakuna aliyeizamisha," alisema. "Mansel hakuwahi kuona nyambizi. Hata moja. Hilo ulilijua?"

Enid hakulijua. Mansel alikuwa akirudi, anakula, analala. Alipoulizwa ameona nini huko, alijibu maji. Na leo? Maji mengi.

"Wewe alikwambia maji," Idwal alisema. "Mimi alinikuta ndani ya ndege na ndoo yangu, anakaa kwenye ngazi, anasema. Kutwa nzima wanaangalia bahari, kila povu wanaliona ni jicho la nyambizi. Wanapokezana dirishani ili macho yasiwapumbae. Siku moja zamu ilikuwa yake. Akaona mstari mweupe na kitu cheusi kinauchora. Akapiga kelele. Rubani akaishusha ndege, wakaachia mabomu. Maji yakapanda juu kama mnara wa kanisa. Walipozunguka wakaona mafuta yametanda, wakashangilia, wakapeana mikono. Wakazunguka mara ya pili, wakaona mkia."

"Mkia wa nini?"

"Wa nyangumi, shemeji. Alikuwa nyangumi."

Nje mvua ilianza kugonga bati. Enid alikaa juu ya kreti bila kukaribishwa.

"Wenzake wakamchorea samaki kwa chaki juu ya meza yake ya redio," Idwal aliendelea. "Mimi nikamfuta katika kuosha. Mansel akaja akaniambia, usimfute, watadhani nimeudhika. Akamchora upya mwenyewe, na jicho akamtia. Lakini tangu siku ile alikuwa akiona kitu anasita. Aliniambia hivyo. Akasema, Idwal, nikija kuiona ya kweli naogopa nitanyamaza." Aliitazama nyota moja, akaigeuza. "Wiki ile ile hawakurudi. Sasa niambie wewe. Klabuni nisimulie hiyo?"

Enid alizinyoshea kidole nishani.

"Na kushoto?" aliuliza. "Kwa nini kushoto?"

"Ukivaa kulia, kila mtu anauliza: za nani hizo? Unasema, za kaka yangu. Alikufaje? Unasema. Kisha wanakutazama, unawaona wanahesabu umri wako kimoyomoyo. Na wewe ulikuwa wapi? Wengine wanalisema, wengine wanaliacha machoni. Kila mwaka. Ukivaa kushoto hakuna anayeuliza kitu. Wanakununulia bia."

Ingekuwa rahisi kama angedanganya. Enid alikuja na hasira aliyoibeba kwa miezi mitatu, ameipanga vizuri, na sasa hakuona pa kuitua. Ikageukia mahali pengine.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Ulikuwa na haya yote, hukunipa hata neno moja."

"Hukuuliza."

"Ningejuaje kuna cha kuuliza? Mimi nilipewa maji."

Idwal alizikusanya nishani, akazirudisha kwenye kijisanduku, akakisukuma mezani hadi kikamgusa mkono.

"Chukua."

"Idwal."

"Chukua, shemeji. Usinikazie macho hivyo."

Akakichukua. Palikuwa na mambo mengi ya kumwuliza, na aliyajua hapo hapo kwamba yapo. Lakini alikuwa amepata alichokijia, na mtu aliyepata alichokijia haoni sababu ya kukaa. Akaondoka na kijisanduku ndani ya koti.

Glenys alifika Jumapili asubuhi. Enid alimwekea nishani mezani, akamweleza zivaliwe upande gani na kwa nini. Glenys alizishika moja moja kwa heshima, akazirudisha.

"Zivae wewe, mama. Mimi mtu akiniuliza nitamwambia nini?"

Enid akazibana upande wa kulia wa koti lake jeusi, chini ya ua jekundu la karatasi linalovaliwa siku hiyo. Zilikuwa nzito kuliko alivyodhani, zikalivuta koti.

Walisimama kwenye mnara wa kumbukumbu pamoja na mji mzima. Tarumbeta ikalia, watu wakanyamaza, watoto wakakohoa, tarumbeta ikalia tena. Mashada yalipokwisha kuwekwa, watu wakaanza kusalimiana, na hapo maswali yakaanza.

"Za nani hizo, mama?" Alikuwa mwanamke wa duka la viatu.

"Za mume wangu."

"Maskini. Alikuwa wapi?"

"Kwenye ndege za majini. Kusaka nyambizi."

"Walizipata?"

"Hapana," Enid alisema.

"Ah," yule mwanamke alisema, akamshika mkono kidogo, akatafuta mtu mwingine wa kumsalimu. Akaja wa pili na maswali yale yale, akaja wa tatu. Kila mmoja alikuwa na huruma hadi kufika kwenye swali la mwisho, na hapo huruma ilipoteza njia. Enid alianza kuona uso wake unachoka kabla ya miguu.

Idwal alikuwa kando ya ukuta pamoja na Verona, ana ua la karatasi tu kifuani. Trefor alimpitia na bendera yake ikiwa imekunjwa.

"Idwal, leo uko uchi. Nishani zimekwenda wapi?"

"Nimemwazima shemeji," Idwal alisema. "Kwa ajili ya mtoto."

Alilisema bila kufikiri, kwa sauti ya kawaida kabisa, akitabasamu. Enid alikuwa hatua chache tu nyuma yake. Baadaye aliwaza kuwa angeweza kuliacha lipite. Alikuwa nazo, zilikuwa upande wake, hakuna aliyekuwa akizidai. Lakini lilikuwa neno dogo juu ya mengi.

"Hakuniazima," alisema. "Ni za mume wangu, Mansel Scourfield, aliyekufa kabla hazijafika. Huyu hakwenda vitani. Walimkataa."

Hakupandisha sauti. Hapakuwa na haja, kwa sababu watu waliokuwa karibu walikuwa wameshageuka kusikiliza. Trefor alimtazama yeye, akamtazama Idwal.

"Mansel yupi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Hakujua.

Idwal alingoja kidogo, labda mtu mwingine ajibu. Kisha akagusa ukingo wa kofia yake na kushuka na barabara. Verona alipompita Enid alisema, "Umefurahi, wifi?" na hakungoja kujibiwa.

"Mama," Glenys alisema walipokuwa njiani. "Ulilazimika kusema mbele za watu?"

"Ulitaka nikasemee wapi? Nimesemea klabuni, nimesemea jikoni, nimesemea kwenye kibanda."

"Amezeeka."

"Nami nimezeeka."

Nyumbani walikula. Nyama ilikuwa imekauka, viazi vilikuwa sawa. Baada ya kula Glenys alizichukua nishani tena, akazipanga juu ya kitambaa cha meza, na kama mtu anayeomba suluhu akasema, "Nisimulie basi. Alikuwa anafanya nini huko juu?"

Enid akaanza habari ya nyangumi. Aliieleza polepole, kwa utaratibu, asije akaacha kitu, akaona Glenys ameacha kuchezea uma.

"Na yule rubani, alimkaripia?"

"Sijui."

"Wenzake walikuwa akina nani? Waliomchorea samaki?"

"Sijui majina yao."

"Alicheka au alilia? Baada ya kuuona mkia?"

Enid alianza kukusanya sahani. Kila swali lilishuka na barabara ile ile, hadi mlangoni kwa mtu mmoja.

Jumatatu, baada ya kazi yake ya jikoni shuleni, alikwenda. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Verona alifungua mlango kwa upana wa uso wake tu.

"Anasema hayupo."

"Mwambie sikuja kurudisha nishani."

"Ndilo neno la kumfurahisha?"

"Wala sikuja kuomba radhi. Nimekuja anieleze habari za Mansel."

Verona alimwangalia, akapanda ngazi, akashuka.

"Anasema ukamwulize Trefor."

Enid akarudi hadi kwenye ukuta mfupi wa mbele ya nyumba, akaufuta kwa kiganja, akakaa.

"Utalowa, wifi."

"Nitalowa."

Mlango ukafungwa. Basi likapita, mbwa wa jirani akabweka hadi akachoka. Baada ya muda, dirisha la juu likainuliwa, na Idwal akatoa kichwa, amevaa fulana, nywele zimesimama.

"Nenda nyumbani, shemeji. Watu wanaona."

"Walikuwa akina nani waliomchorea samaki?"

"Umeshaniaibisha mbele ya mji mzima. Unataka nini tena?"

"Majina."

"Nenda nyumbani, Enid."

"Majina tu, Idwal. Kisha nitakwenda."

Aliondoka dirishani. Enid alisubiri kusikia kioo kikishushwa. Hakikushushwa. Baridi ilikuwa inaingia mle chumbani, na mvua nayo, na pazia likaanza kulowa pembeni. Akaipandisha kola ya koti lake, akabaki ukutani, uso wake ukilielekea lile dirisha.